Mbele ya kuzima masini ya zamani, kila mtu aone fishi yake



Ukurasa huu umezoea kuwaambia juu ya kofia, viatu, vumbi na baruti. Leo tunasema juu ya hatari moja isiyotoa damu wala kupiga kelele. Inatokea ndani ya chumba kidogo chenye masini na waya, pahali ambapo mtoboa mawe hapiti hata siku moja. Hatari hiyo ni kupotea kwa fishi ya munganga wakati wa kuhamisha habari kutoka masini ya zamani kwenda masini mpya.

Hapa Kisangani, kama katika miji mingine ya nchi yetu, biro nyingi zina masini zilizochoka, na saa ya kuzibadilisha imefika. Dispanseri za kampani nazo zimo katika safari hiyo. Wengi wanasema: «Hiyo ni kazi ya watu wa ordinateri, sisi hatuna neno.» Mimi nasema neno tunalo. Kuhamisha fishi za wafanyakazi ni kazi ya usalama, sawa na kuhamisha baruti. Na maoni yangu ni haya: masini ya zamani isizimwe mbele ya kila mfanyakazi, na kila mzee wa pensheni, kuona fishi yake ndani ya masini mpya na kusema: «Ndiyo, huyu ni mimi.»

GHALA NA RAFU ZAKE

Zamani fishi yako ilikuwa karatasi ngumu ndani ya sanduku. Infirmiye aliuliza matrikule, akavuta sanduku, akatoa fishi. Leo fishi hizo zinakaa ndani ya masini moja inayoitwa serveri. Serveri ni ghala. Ordinateri iliyo mezani pa infirmiye haina mali yake yenyewe. Kila mara inatuma ombi ghalani, na ghala inajibu. Ndani ya ghala kuna rafu zilizopangwa: rafu ya majina, rafu ya tarehe, rafu ya picha za mapafu, rafu ya vipimo vya masikio, rafu ya sindano. Mpangilio huo wa rafu ndio vitabu vinauita hifadhidata.

Kwa nini kuhama? Kwa sababu ghala linazeeka. Disiki inayozunguka ndani ya masini huchakaa kama beringi ya gari. Joto na unyevu wa Kisangani, mji ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, havisaidii. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unapiga masini kama nyundo. Tena, wenye kutengeneza programu za masini hawaziangalii milele: Windows Server 2003, kwa mfano, iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Julai 2015. Tangu siku ile mlango wake ukipata tundu, hakuna anayeziba. Mtu anayebaki na serveri kama hiyo ni sawa na mtu anayeshuka shimoni na kamba iliyooza kwa sababu jana haikukatika.

Basi kuhama ni lazima. Sipingi kuhama. Ninapinga kuhama bila kuhesabu.

TAZAMENI WATU WANAOVUKA MTO

Sisi wa Kisangani tunajua kuvuka mto. Mama anayetoka Lubunga na mizigo kumi ya kuuza upande wa Makiso huhesabu kumi akipakia mtumbwini, na huhesabu kumi akishusha ng'ambo. Tena haangalii hesabu peke yake. Anafungua gunia kuona kama unga umelowa. Na mpaka amalize, hamwachi mwenye mtumbwi aende zake.

Kuhamisha habari ni hivyo hivyo. Hesabu ya kwanza: fishi ngapi zilikuwa katika masini ya zamani, fishi ngapi zimefika katika mpya? Zikiwa 1 200 upande huu na 1 197 upande ule, watu watatu wamezama mtoni, na lazima wapatikane kwa majina. Hesabu ya pili: fungua gunia. Hesabu inaweza kuwa sawa, na unga ndani umelowa. Tazameni namna nne ambazo unga hulowa.

Ya kwanza ni tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Masini nyingine imefundishwa na Wamarekani, inasoma mwezi kwanza. Sindano yako ya pepopunda ya 03/04, ambayo ni tarehe 3 ya mwezi wa nne, inakuwa tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Na tarehe 25/04, je? Masini inatafuta mwezi wa 25, haiuoni, inaacha pahali patupu. Sindano imepotea, na hakuna aliyesikia kelele.

Ya pili ni herufi. Jina la André, lenye alama juu ya herufi ya mwisho, linaweza kufika ng'ambo limeandikwa kwa vidudu ambavyo hakuna anayevijua. Infirmiye akitafuta André, masini inajibu: hayupo. Majina marefu nayo hukatwa kama rafu mpya ni fupi kuliko ya zamani. Na matrikule inayoanza na sifuri, kama 00417, inaweza kufika kama 417. Ikiwa kuna mtu mwingine mwenye 417, sasa watu wawili wanalala katika kitanda kimoja, na damu ya mmoja imeandikwa kwa jina la mwenzake.

Ya tatu ni pahali patupu na sifuri. Hii ni ya hatari sana. Mfanyakazi ambaye hakupigwa picha ya mapafu mwaka fulani, rafu yake ni tupu. Masini mpya haipendi rafu tupu, inaweka sifuri. Munganga akisoma sifuri anafahamu: alipimwa, hana ugonjwa. Kumbe hakupimwa! Vilevile kwa dawa: pahali penye swali «Je, penisilini inamdhuru?» pakiwa tupu, maana yake hatujui, tuulize. Pakiandikwa «hapana», maana yake mpige sindano. Kati ya maneno hayo mawili kuna roho ya mtu.

Ya nne ni habari zilizoachwa nyuma kwa kusudi. Mtu anasema: «Za zamani za nini? Tuhamishe miaka mitano tu, kazi iwe nyepesi.» Juu ya hiyo nina neno la kusimulia.

MASIKIO YA RAFIKI YANGU

Zamani nilitumika pahali pengine. Jina la pahali pale halina faida hapa. Rafiki yangu mmoja alikuwa mtoboa mawe. Siku ya kuingia kazini tulipimwa masikio pamoja, yeye na mimi, mmoja baada ya mwingine ndani ya kibanda kidogo, na tulicheka kwa sababu tulitoka jasho kama ndani ya tanuri. Masikio yake yalikuwa mazima. Miaka 18 baadaye aliwaomba watoto wake warudie kila neno mara mbili, na mke wake alidhani amekuwa na kiburi.

Alipokwenda kuomba haki yake, munganga alifungua masini. Kipimo cha kwanza kilichoonekana kilikuwa cha mwaka wa tisa wa kazi, na mwaka ule masikio yalikuwa yamekwisha kuharibika nusu. Fishi za mbele hazikuhamishwa. Sanduku la karatasi lilikuwa limechomwa kwa sababu, walisema, sasa kila kitu kimo ndani ya ordinateri. Wakamwuliza: «Tutajua namna gani kwamba hukuja tayari na masikio mabovu?»

Mimi nilijua. Lakini neno langu halikuwa na muhuri.

Sikio lililouawa na kelele halirudi. Ndiyo maana kipimo cha siku ya kwanza ni mali kubwa: bila hicho, hakuna anayeweza kuonyesha kile ambacho kazi imekula. Waliochoma sanduku hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka, na hakuna mfanyakazi aliyeulizwa.

UGONJWA WA VUMBI UNANGOJA, FISHI NAYO ISIMAME

Biro nyingine zinaweza kusahau habari za zamani na dunia isianguke. Kazi ya madini haiwezi. Vumbi la mawe linalobeba silika linaingia mapafuni leo, na ugonjwa wake, silikozi, mara nyingi unaonekana baada ya miaka kumi au zaidi. Unaweza kuonekana au kuzidi hata wakati mtu amekwisha kuacha kazi na kurudi kijijini kulima. Hauna dawa ya kuuponya, na unafungulia kifua kikuu mlango. Basi fishi ya mtoboa mawe lazima iishi maisha marefu kuliko kazi yake, na pengine kuliko yeye mwenyewe.

Tazameni Afrika ya Kusini. Tarehe 26 Julai 2019 korti ya Johannesburg ilikubali mapatano kati ya kampani sita za dhahabu na wafanyakazi waliougua silikozi na kifua kikuu. Mfuko uliozaliwa hapo, unaoitwa Tshiamiso, unawahusu waliotumika katika machimbo yaliyotajwa kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019, na familia za waliokufa nazo zinaweza kuomba. Hebu fikirini: mjane leo anatakiwa kuonyesha kwamba mume wake alishuka shimoni mwaka 1970. Atatoa wapi ushahidi? Katika daftari za kazi na fishi za munganga. Kati ya mwaka 1970 na leo, daftari hizo zimetoka katika karatasi na kuingia masini, na kutoka masini moja kwenda nyingine mara nyingi. Kama mara moja tu mtu alisema «tuache za zamani», mjane huyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mapafu nayo ni mali.

MTU MMOJA, MAJINA MATATU

Hapa kwetu kuna shida nyingine ambayo mtengeneza programu wa Bulaya hawezi kuifikiri. Tuseme baba mmoja aliingia kazini mwaka 1971. Fishi yake ya kwanza inasema Joseph, aliyezaliwa Stanleyville. Mwaka 1972, wakati wa mambo ya authenticité, jina la ubatizo likakatazwa. Fishi ya pili ina jina la mababu peke yake. Baada ya 1990 akarudisha Joseph, na fishi ya tatu ina majina yote matatu, pengine kwa mpangilio mwingine.

Mji wa kuzaliwa nao ulibadilika: Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, ikarudi kuwa Kongo mwaka 1997. Jimbo lilikuwa Orientale, likaitwa Haut-Zaïre, likarudi Orientale, na mwaka 2015 likagawanywa kuwa manne: Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Hata nyumba ya kutunza pensheni ilibadilisha jina: INSS iliyoanzishwa mwaka 1961 ikawa CNSS mwaka 2018.

Masini haijui historia hii. Ikiona fishi tatu, inaweza kufikiri ni watu watatu: mmoja aliyetumika mwaka mmoja, wa pili miaka kumi na minane, wa tatu miaka iliyobaki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekula vumbi miaka 35. Au inafanya kosa la kinyume: ndugu wawili wenye jina moja, inawafunga pamoja kuwa mtu mmoja. Nani anaweza kusema ukweli? Si mtaalamu, hata akiwa na diploma ndefu kama mto. Ni baba mwenyewe, au mke wake, au mtoto wake mkubwa anayekumbuka.

«MASINI INAJIHESABU YENYEWE»

Nilisema na kijana mmoja wa ordinateri, mtu wa akili na wa heshima. Aliniambia: «Mzee, programu inalinganisha zamani na mpya herufi kwa herufi. Ukiita watu wote waje kuangalia, tutapoteza majuma, na siri za watu zitaonekana.»

Namheshimu, na nusu ya neno lake ni kweli. Kulinganisha kwa masini ni lazima, na kunafanyika upesi kuliko jicho la mtu. Lakini masini inalinganisha kilichotoka na kilichofika. Haijui kama kilichotoka kilikuwa cha kweli. Kama fishi ya zamani iliandika damu yako vibaya, masini itabeba kosa lile kwa uaminifu kabisa mpaka ng'ambo.

Na tena, habari kufika salama si mwisho wa mambo. Mwezi wa nne mwaka 2018 benki moja ya Uingereza, TSB, ilihamisha habari za wateja wake milioni 5 na zaidi. Habari zenyewe zilifika. Lakini masini mpya haikuweza kubeba kazi ya siku: watu karibu milioni 1,9 walikuta milango imefungwa mbele ya fedha zao, na ilichukua miezi mpaka mambo yatulie. Mwezi wa kumi na mbili 2022 wakubwa wa kuchunga mabenki waliitoza faini ya pauni milioni 48 na zaidi. Benki tajiri, wataalamu wengi, umeme usiokatika! Sisi wenye kujua umeme wa Kisangani, tutakuwa na haraka ya nini?

Kuhusu majuma yatakayopotea: ziara ya munganga ya kila mwaka iko tayari. Kila mfanyakazi anapita mbele ya munganga mara moja kwa mwaka. Basi masini ya zamani ingojee mwaka mmoja mzima, bila kuandikwa kitu kipya ndani yake, ikisomwa tu. Katika mwaka ule kila fishi itafunguliwa mbele ya mwenyewe. Hakuna siku ya kazi iliyopotea. Wanaobaki ni wazee wa pensheni na wajane, na hao waitwe kwa barua, kwa redio, kanisani, msikitini na kwa wakubwa wa mitaa.

Kuhusu siri, kijana amesema vema. Mtu aone fishi yake peke yake, mlango umefungwa, pamoja na infirmiye. Orodha ya wagonjwa isibandikwe ukutani. Sheria ya mambo ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 katika nchi yetu inalinda habari za mtu, na ugonjwa wa mtu si habari ya sokoni.

MFANO MZURI UKO KARIBU

Kama kilomita mia moja kutoka hapa, tukishuka mto, kuna Yangambi, pahali pa utafiti wa mimea palipojulikana tangu miaka ya 1930. Wafanyakazi wa pale waliangalia miti ya msitu kwa subira kubwa, kutoka 1937 mpaka 1958: mti huu umetoa maua, ule umetoa matunda, ule mwingine umepukutisha majani. Waliandika alama katika karatasi. Katika miaka yetu hii watu wa sayansi walipiga picha za zile karatasi, na watu wengi wa kujitolea wakaingiza alama zile katika ordinateri.

Sikilizeni namna walivyofanya: karatasi moja haikuachwa kwa jicho moja. Ilisomwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwake, ili kosa la mmoja lionekane kwa mwingine. Hawakusema pia kwamba za mwaka 1937 ni za zamani mno. Uzee wake ndio ulioipa bei, kwa sababu hakuna anayeweza kurudi mwaka 1937 kuangalia tena. Kama miti ya Yangambi imepata heshima hiyo, mapafu ya mtoto wa mtu yanastahili angalau kama ile.

TUNAYOOMBA WAKUBWA

1. Mbele ya kugusa kitu, habari zote zinakiliwe mara mbili, na nakala moja ikae mbali, katika nyumba nyingine au mji mwingine. Kisangani haihitaji kufundishwa jambo hili. Katika vita ya siku sita, kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, tuliona makombora yakiangukia nyumba, mashule na makanisa. Kitu kilicho katika pahali pamoja tu, hesabu kwamba tayari ni nusu kimepotea.

2. Nakala ijaribiwe. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuifungua ni sawa na kizima-moto ambacho hakuna aliyekipima: kinapendeza ukutani, siku ya moto kinatoa upepo.

3. Uhamisho ufanywe kwanza kwa majaribio, na fishi chache, hata mara tatu, mbele ya siku yenyewe.

4. Siku ya uhamisho masini ya zamani isiandikwe kitu. Infirmiye aandike wagonjwa wa siku hiyo katika daftari la karatasi, kisha waingizwe katika masini mpya mmoja mmoja. Vinginevyo mzigo unaingia mtumbwi wa zamani wakati mpya umekwisha kuondoka.

5. Betri na jenereta viwe tayari na vimepimwa. Umeme ukikatika katikati ya mto, fishi hazijui upande gani wa kwenda.

6. Njia ya kurudi iandikwe kwenye karatasi: nani atasema «turudi», saa ngapi, kwa dalili gani. Hatushushi watu shimoni bila njia ya kutokea.

7. Fishi zote zihamishwe tangu siku ya kwanza ya kazi, na za waliotoka na waliokufa pia. Fishi yenye majina mengi ibaki na majina yote, la zamani na la sasa.

8. Delege wa wafanyakazi na mtu wa usalama waweke saini zao mbele ya masini ya zamani kuzimwa.

9. Ikiisha kuzimwa, disiki yake ifutwe kabisa na ivunjwe. Isiuzwe sokoni na siri zetu ndani.

NA SISI WENYEWE TUFANYE NINI?

Ndugu mfanyakazi, usingoje wakubwa peke yao. Siku ya ziara ya munganga omba kuona fishi yako. Angalia mambo saba: majina yako yote, matrikule na sifuri zake, siku na pahali pa kuzaliwa, tarehe ya kuanza kazi, aina ya damu, dawa zinazokudhuru, na miaka ya vipimo vya mapafu na masikio. Mwaka ukikosekana, sema pale pale, na usione haya. Kusema «hapa pana kosa» si kumtukana infirmiye, ni kumsaidia.

Mama wa nyumba, wewe ndiwe serveri ya jamaa. Chukua daftari la shule, uandike humo matrikule ya bwana, tarehe ya kuingia kazini, kila kazi aliyofanya na miaka yake, kila mara alipolala hospitali. Vyeti, karatasi za malipo na barua za munganga viweke ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua na mchwa. Karatasi za zamani zenye jina la Stanleyville au Haut-Zaïre usizitupe, hata kama watoto wanazicheka. Siku moja karatasi hiyo moja inaweza kuwalisha.

Nanyi vijana wa ordinateri, sisi tunawashukuru. Kazi yenu haionekani inapokwenda vizuri, sawa na kazi ya mtu wa usalama: hakuna anayeshangilia ajali ambayo haikutokea. Lakini kumbukeni kwamba kila mstari mnaouona katika masini una mtu nyuma yake, na mtu huyo ana kifua kinachopumua.

Nakutana bado na rafiki yangu wa masikio. Nikimsalimu, anaangalia midomo yangu kwanza, kisha anajibu. Kila mara nafikiri juu ya kile kibanda cha joto, na juu ya karatasi ndogo iliyosema kwamba siku ile yeye alisikia vizuri kabisa.

Basi masini mpya ikifika, tuipokee kwa furaha. Lakini ile ya zamani tusiizime mpaka wa mwisho wetu awe amevuka.

Usalama wa leo ni kofia kichwani. Usalama wa kesho ni fishi iliyo kamili.